UZI: Wasomi kwenye miungano ya kurekebisha Nairobi, tunawahitaji kwa kazi gani hasa?

Mwenyeji_Reuben (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Tangu habari za mto na nyumba za bei nafuu zishike kasi, kila nikigeuka naalikwa kwenye mkutano wa muungano fulani: wa wapangaji, wa maji, wa barabara. Na hapo mezani hakosi daktari au profesa. Kuna wanaowaona wakombozi, kuna wasiotaka hata kusikia jina la chuo. Mimi nimefanya nao kazi miaka kadhaa nikiwa mtafiti wa mtaani huku Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, wale wa kubeba simu na fomu mlango hadi mlango, kwa hivyo nina msimamo. Nauweka hapa, mniparue mkitaka.

Msomi hatuletei habari tusizozijua. Nani hapa kwetu Kwa Reuben asiyejua mtungi wa lita 20 ni shilingi ngapi, au nani anauza stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kinyemela? Anachotuletea ni kusikilizwa. Mama akienda ofisi za kaunti aseme tunauziwa maji ghali kuliko watu wa mitaa ya kifahari, ataambiwa arudi na barua ya chifu. Maneno yaleyale yakiingia na nembo ya chuo kikuu yanapokelewa, yanawekwa kwenye faili, yanaitwa ushahidi. Ni dharau, sikatai. Lakini ukiijua unaweza kuitumia.

Mfano ninaoujua vizuri ni SPA (Special Planning Area). Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Maana yake kwa mtu wa kawaida: miaka 2 hakuna ujenzi mpya hadi mpango upatikane, na wakazi wawe ndani ya kuutengeneza. Hapo tunazungumzia kaya kama 100,000. Tangazo lile lilitanguliwa na miaka ya kazi ya Muungano wa Wanavijiji (chama cha wakazi wa mabanda), mashirika kama Akiba Mashinani Trust, SDI Kenya na Katiba Institute, Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Berkeley ya California. Watu wa sheria walifukua hatimiliki, ikaonekana sehemu kubwa ya ardhi iligawiwa watu binafsi na kampuni kwa masharti ya kujenga viwanda vidogo, na viwanda havikujengwa. Watu wa uchumi nao wakapiga hesabu ya maji: mkazi wa Mukuru analipa asilimia 172 zaidi kwa kila mita ya ujazo kuliko mtu wa mtaa rasmi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyogeuza maneno. Kabla yake wakubwa walikuwa wanatuambia watu wa mabanda hawana uwezo wa kulipia huduma. Kumbe tunalipa, tena kuliko wao, ila pesa zinaishia kwa wachuuzi wanaovuta maji kwa mipira yao badala ya kampuni ya maji. Mjadala wa huruma ukawa mjadala wa biashara, na biashara kila ofisi inaielewa.

Kisha ikaja kupanga kwenyewe. Mashirika zaidi ya 40 yakagawanywa kwenye konsotia, yaani makundi ya kazi: ya afya, ya ardhi, ya maji, ya elimu, na vyuo vikaingia humo. Upande wa wakazi, nyumba 10 ziliunda kikundi, Tujuane Tujengane, na vikundi vikapandishana ngazi. Hapa nisimulie kitu kimoja. Kanuni za mipango ya miji zinataka barabara pana. Sasa kwetu kuna kichochoro ambacho watu wawili wenye mitungi wakikutana, mmoja anarudi kinyumenyume hadi apate mlango wa kujibanza. Tulitandaza ramani kubwa sakafuni kanisani, mwanafunzi wa mipango akachora upana wa kanuni kwa kalamu nyekundu, akaanza kuhesabu milango inayoliwa. Mama mmoja muuza omena akamkatiza: "Kijana, gari la zimamoto lina upana gani?" Kijana akamtazama mwalimu wake. Kazi ikaanza upya kutoka swali hilo. Gari la moto lipite wapi, la taka lisimame wapi, kwingine kote ibaki njia ya miguu. Ile nyekundu ikapungua, milango mingi ikapona. Swali lilikuwa la mama. Mwalimu alikuwa na cheo cha kuandika jibu ili injinia wa kaunti asilitupe.

Kwa hivyo mimi nasema tuwatake, ila kwa masharti. Takwimu zikae mtaani, si kwenye kompyuta ya mtu. Wawe wanachama kama sisi, sauti moja kila mmoja. Na wasipotee mpango ukishazinduliwa.

Karibuni.

Mtoto_wa_Njenga

Ndugu, umeeleza vizuri mpaka nikasahau nilipokuwa Novemba 2021. Matingatinga yaliingia Kwa Njenga kupisha barabara, maelfu ya watu wakalala nje kwa wiki kadhaa, wengine wakachora mipaka ya vyumba vyao kwa chokaa juu ya kifusi ili wasisahau palikuwa wapi. Hapo hapo ndani ya hiyo SPA yako. Ramani ilikuwepo. Takwimu zilikuwepo. Hiyo nembo ya chuo ilisimamisha tingatinga gani?

Na wasomi hawajaanza jana kukaa meza ya Nairobi. Mpango mkuu wa 1948 uliletwa na timu kutoka Afrika Kusini, kichwa chao profesa wa usanifu majengo wa Cape Town, Thornton White, na mwanasosholojia ndani yake. Walipima, wakachora, wakaandika kwa ustadi kabisa. Mji waliouchora ulikuwa wa nani? Mtu mweusi aliishi Eastlands kwa chumba cha kazi. Usomi unafanya kazi ya anayeulipa.

Mwenyeji_Reuben

@Mtoto_wa_Njenga pole, na hilo la 2021 sina jibu la kukutuliza. Ninachojua ni kwamba SPA ilipanga matumizi ya ardhi, haikumaliza kesi za nani mwenye ardhi. Wenye vyeti walibaki na vyeti vyao. Sehemu nyingine za mpango zilienda: NMS (idara ya serikali kuu iliyopewa huduma za Nairobi) ilipoingia 2020 chini ya Meja Jenerali Badi, barabara za ndani zilitiwa lami, visima vikachimbwa, mabomba madogo ya maji taka yakaanza kupita Kwa Reuben. Wangeanzia wapi bila ile ramani? Lakini kweli, lami iliwafaa wanasiasa wakati ule. Umiliki hauwafai wakati wowote.

Mhadhiri_wa_Jioni

Nafundisha mipango ya miji kwenye chuo kimoja hapa Nairobi, niruhusuni niseme upande wetu bila kujitetea sana.

Mwaka 2010 chama cha shule za mipango za Afrika kilitia saini makubaliano na SDI, mtandao wa wakazi wa mabanda wa nchi nyingi, ili wanafunzi wafanye studio zao, yaani mafunzo ya vitendo, mitaani pamoja na wakazi, badala ya kuchora mji wa kubuni darasani. Mfano wa kazi za aina hiyo ni ya Mathare, Profesa Peter Ngau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakiwa na Berkeley na Muungano wa Wanavijiji, kabla hata ya Mukuru. Kuna maafisa wa kaunti leo ambao mara ya kwanza kuingia mtaa wa mabati ilikuwa kwa studio hizo. Huo ndio mchango ambao watu hawauhesabu: yule afisa anayekusikiliza leo huenda alitapakaa matope ya Mathare akiwa mwaka wa tatu.

Sasa matatizo. Studio ni muhula mmoja. Wanafunzi wanamaliza kuchora pale ambapo mazungumzo na kaunti ndiyo yanaanza, wanapewa alama, wanaondoka. Mimi mwenyewe nikitaka kupanda cheo, kinachohesabiwa ni makala kwenye majarida na pesa za utafiti nilizoleta. Kukaa kwenye kamati ya maji ya Kosovo, kijiji cha Mathare, kila Jumamosi hakuna alama hata moja. Nikiandika kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 12 ambacho wazee wa mtaa wanaweza kukisoma, kwa mkuu wa idara ni kama sikufanya lolote. Ongezea migomo, mishahara inayochelewa, walimu wa muda wanaodai pesa tangu enzi. Halafu mnasema tusipotee. Tunapotea kwa sababu hakuna anayetulipa kubaki, na wafadhili wanataka ripoti, wanaondoka.

@Mwenyeji_Reuben, sharti lako la tatu lielekeze kwa wanaotoa pesa pia.

Steji_Railways

Wacha niwape ya matatu, maana kila mjadala wa jiji mnasahau watu wanapanda nini kufika huko mikutanoni.

Kuna ile ramani ya Digital Matatus. Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, wanafunzi wakapanda gari zetu na simu wakirekodi kila steji, njia zaidi ya 130. Ikatoka 2014, ramani ya rangi kama ya treni za Ulaya, kaunti ikaikubali kuwa ramani rasmi. Mimi niliipenda. Mara ya kwanza kazi yetu kuonekana kama mtandao na si fujo. Baadaye njia zikaingia kwenye Google, mgeni akawa anajua kupanda matatu ya njia 125 bila kumuuliza makanga.

Sasa twende Desemba 2018. Kaunti inaamka inasema hakuna matatu kuingia katikati ya mji. Watu wakatembea kutoka Ngara na Muthurwa, wajawazito, wazee, wenye magongo, picha zikajaa kila mahali, na amri ikasitishwa haraka sana. Ramani rasmi ya kaunti ilikuwa ukutani kwao miaka 4. Ingewaonyesha kwa dakika moja kwamba karibu kila njia inaishia mjini, na kwamba anayetoka Kangemi kwenda Umoja lazima abadilishe gari hapo. Hakuna aliyeitazama, kwa sababu siku ya kuamua hakukuwa na mchora ramani wala mwenye gari ndani ya chumba.

Kwa hivyo mimi naona shida si nani anatengeneza ushahidi. Ni nani anaamka nao asubuhi ya uamuzi.

Dada_wa_Viwandani

Nawasoma tu. Wanaume mnaongea ramani, mimi niulize: nani anahojiwa?

Viwandani na Korogocho zimekuwa zikihesabiwa na watafiti wa afya tangu 2002. Kuna watoto wamezaliwa ndani ya dodoso wakafikia kura ndani ya dodoso. Kazi kama hiyo ya muda mrefu naiheshimu, kwa sababu inaonyesha mtoto wa hapa anakufa kwa nini, na namba za mwaka mmoja haziwezi kusema hilo. Ninaochoka nao ni wale wa wiki mbili. Kuna timu ya ng'ambo iliwahi kuja kwetu kuuliza akina mama kuhusu choo usiku. Nilieleza mambo ambayo sijamwambia hata dada yangu. Nikapewa kipande cha sabuni na asante. Kilichoandikwa sijakiona mpaka leo, na ploti yetu bado choo ni kimoja na kufuli inashikwa na mwenye nyumba.

Siku hizi nikifikiwa nauliza kwanza kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, nasoma tarehe. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inanipa haki ya kujua taarifa zangu zinaenda wapi na za kazi gani. Wengi wa wanaokuja na karatasi ya ridhaa hawatarajii mama wa Viwandani ajue hiyo sheria ipo. Unaona uso unabadilika.

@Mhadhiri_wa_Jioni, Daktari, nimekuelewa kuhusu alama. Lakini kwenye hiyo makala yako ya jarida, yule msichana wa mtaa aliyekuzungusha akakutafsiria na kukuepusha na mbwa na maboyi wa kona, jina lake liko wapi? Kwenye shukrani mwishoni, ama juu pamoja na lako?

Mhadhiri_wa_Jioni

Dada, kwa mbili za mwisho liko juu. Kwa za zamani liko kwenye shukrani. Majarida mengi hayakatazi, ni mazoea yetu tu.

Afisa_Mstaafu

Vijana, nimekaa ofisi za mipango City Hall miaka mingi, sasa nafuga kuku Kitengela. Niwaeleze faili inavyofanya kazi.

Afisa hapokei karatasi ya chuo kwa sababu anapenda wasomi. Anapokea kwa sababu kesho mkaguzi au kamati ya bunge la kaunti ikimuuliza "uliamua kwa msingi gani", awe na kitu cha kuonyesha chenye jina la taasisi. Karatasi ya kikundi cha wakazi haimlindi. Ya chuo inamlinda. Mkishajua hivyo mtaacha kuona dharau, mtaona woga, na mtu mwenye woga unajua jinsi ya kumsaidia.

Lakini kuna jambo @Mwenyeji_Reuben amelipita. Kinga hiyo ipo tu mradi msomi anaonekana anaweza kusema hapana. Mnakumbuka Kibera? Kwa miaka mashirika yalisema ni watu milioni moja, wengine zaidi, ukubwa wa kwanza Afrika, wageni wakaletwa kupiga picha. Sensa ya 2009 ikatoka na watu 170,070. Kuna waliopinga namna ya kuhesabu, sawa. Hata hivyo pengo lile lilikuwa kubwa mno, na kuanzia siku hiyo mtu akija ofisini na takwimu ya mtaa wowote wa mabanda tulikuwa tunacheka kwanza ndipo tunasoma. Miungano yote ililipia deni la wachache.

Mkimfanya profesa mwanachama kama wengine, sauti moja, anafuata msimamo wa kikundi, basi siku atakayoleta namba inayowauma mtamnyamazisha. Na sisi huko ndani tukijua ananyamazishwa, karatasi yake inakuwa kama barua ya chama chochote.

Mwenyeji_Reuben

Mzee, hapo umenishika pabaya kidogo. Lakini tofautisha. Namba ni yake, hatumgusi. Nikisema sauti moja nazungumzia tunadai nini, tunaanza na nani, tunaenda mahakamani au tunaendelea kuongea. Nimeona mkutano ambapo wakazi walitaka maji kwanza, mtaalamu akawaambia umiliki kwanza kwa sababu ndivyo nadharia inavyosema, na kwa sababu ndiye aliyeandika ombi la pesa, umiliki ukawa kwanza. Mtu wa kipindupindu hawezi kungoja hatimiliki.

Mwenye_Ploti_Kumi

Mimi ndiye huyo mwenye kufuli. Vyumba kumi vya mabati, si hamsini kama mnavyodhani, nilijenga kwa pesa ya kiinua mgongo.

Watafiti hawaji kwangu. Wakija wanakuja na jibu tayari: kateli, yaani genge la kuhodhi huduma. Kuna kateli wa maji na stima, wanajulikana na nani anawalinda, nendeni mkaandike hao kama mna ujasiri. Sisi wenye ploti tuko ndani ya kila kichochoro, tunajua bomba limepita wapi, na tukikataa bomba jipya halipiti. Muungano wowote usiotuita unatukuta njiani. Na mkiangalia SPA, pale ambapo wenye nyumba waliitwa mapema kuambiwa nani atapoteza ukuta na nani hatapoteza, kazi ilienda. Mhadhiri wetu aandike hiyo pia.

Mtoto_wa_Njenga

Huyu naye anataka makala ya peke yake 😂

Dada_wa_Viwandani

Mwache aseme, afadhali anajitokeza. Mzee wa kufuli, choo cha pili lini?

Mhadhiri_wa_Jioni

@Mwenye_Ploti_Kumi hoja yako ni ya kweli, na nadhani tunaikosa kwa sababu ya mfumo wa maombi ya pesa: mfadhili anataka kusikia maskini na serikali, katikati hakuna mtu. Wenye ploti ndio wanaoamua kodi itapanda kiasi gani baada ya barabara kufika. Tumeandika mengi kuhusu barabara, na machache mno kuhusu mpangaji aliyehama miezi sita baada ya lami kwa sababu kodi ilipaa.

Kwa mzee wetu mstaafu, nakubali kuhusu uhuru. Ila hata nyinyi mlikuwa mnachagua karatasi. Ile iliyosema mnachotaka ilipata muhuri siku hiyohiyo.

Afisa_Mstaafu

Haha. Sikatai.

Steji_Railways

Daktari, studio ya muhula ujao mnaipeleka wapi?

Mhadhiri_wa_Jioni

Tunafikiria Mathare, kando ya mto. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu watoke ndani ya mita 30 za mto, nyumba zikabomolewa mwezi Mei, na mpaka sasa wapo waliorudi na waliobaki hewani. Tunataka kupima mto wenyewe unafika wapi ukifurika, sehemu kwa sehemu, kwa sababu mita 30 za mkupuo mmoja hazielezi kwa nini upande mmoja maji yalifika paa na upande wa pili hayakuvuka hata jiwe. Wakazi wana alama za maji ukutani.

Mwenyeji_Reuben

Hiyo sawa. Naweza kuwaunganisha na watafiti wa mtaani wa huko, baadhi tulifundishwa pamoja. Leteni ramani zilizochapishwa kubwa, msilete za simu, wazee hawazioni. Nakala moja ibaki kwa ofisi ya kikundi kabla hamjarudi chuoni, isiwe "tutawatumia". Na muwaite wenye ploti siku ya kwanza, tusije tukasikia malalamiko humu.

Dada_wa_Viwandani

Msianze Jumapili asubuhi, watu wako kanisani. Na wanaozungushwa walipwe siku hiyohiyo, kwa simu, si kwa fomu ya kurudishiwa nauli mwisho wa mwezi.

Mtoto_wa_Njenga

Na mje na wakili. Mkimaliza kupima mto halafu tingatinga lije wiki inayofuata, hizo alama za ukutani zitakuwa zimeenda na ukuta. Wakili azipeleke mahakamani zikiwa bado zina ukuta.

Mhadhiri_wa_Jioni

Kitivo cha sheria kina wanafunzi wa msaada wa kisheria. Nitamwandikia mkuu wao leo jioni. Akikubali nitarudi hapa na tarehe.